Jinsi ya Kusoma Ua la Zao: Kutoka Kiungo Kilichogeuka hadi Jeni Iliyobadilika

Mtu anayekagua shamba la mpunga au kitalu cha nyanya hukutana mara mojamoja na mmea ambao maua yake hayafanani na ya wenzake: mahali palipopasa kuwa na stameni (viungo vya kiume vinavyotoa chavua) pameota vitu vyenye stigma (ncha ya kiungo cha kike inayopokea chavua), au petali, vile vijani vya rangi vya ua, zimekuwa za kijani na nene kama sepali, vijani vya nje vinavyolifunika tumba. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutoka kwenye ua kama hilo hadi kwenye jeni inayohusika. Hatua ya kwanza haihitaji chombo chochote zaidi ya kibano, lenzi na karatasi, lakini ndiyo inayoamua kama kazi yote ya maabara itakayofuata itakuwa na maana. Kosa linalojirudia kuliko mengine yote ni kukipa kiungo jina kwa sura yake kabla ya kuandika mahali kilipoota. Jeni zinazotawala viungo vya ua hupangwa kwa mahali, na anayeanza na sura huishia kutafuta jeni isiyohusika.

Andika mahali kabla ya sura

Ua la kawaida la mimea mingi limepangwa katika maduara manne, kutoka nje kwenda ndani: sepali katika duara la kwanza, petali katika la pili, stameni katika la tatu, na kapeli, yaani viungo vya kike, katika la nne, ambazo mara nyingi huungana kuwa pistili moja. Katika Arabidopsis thaliana, gugu dogo ambalo wanabiolojia wamelifanya mmea wao wa majaribio, hesabu ni sepali 4, petali 4, stameni 6 na kapeli 2. Katika nyanya, sepali, petali na stameni kwa kawaida huwa 5 katika kila duara au zaidi kidogo, na stameni hushikamana kuwa koni ya manjano inayoizunguka staili, shingo ya pistili. Kabla ya kuligusa ua lenye kasoro, fungua kwanza maua kadhaa ya mmea wa kawaida wa aina hiyohiyo, uliooteshwa wakati uleule na mahali palepale, uandike hesabu ya kila duara. Idadi hupanda na kushuka kidogo hata katika mmea wenye afya, na bila kipimo hiki huwezi kujua kama petali ya sita ni dalili ya jambo lolote.

Kisha chukua ua lenye kasoro ambalo limekaribia kufunguka na ulibomoe kutoka nje kwenda ndani, duara moja baada ya jingine, ukivilaza viungo juu ya karatasi nyeusi kwa mpangilio uleule vilivyotoka. Kwa kila kiungo andika kwanza duara lake, halafu ndipo uandike unachokiona: rangi, mishipa, vinyweleo, kama kuna chavulio (kifuko cha chavua), kama chavulio hilo lina chavua, kama kuna stigma, na kama ndani ya kiungo kuna ovuli, vile vinavyokuja kuwa mbegu. Usikitupe kiungo kisichoeleweka. Kiungo kilicho stameni chini na stigma juu ni ushahidi mzuri kuliko mgeuko kamili, kwa sababu kinakuonyesha kwamba jeni haijafa bali imedhoofika, na pia kinakuonyesha mgeuko unaelekea wapi. Rudia kazi hii kwa maua yasiyopungua 10 kutoka sehemu mbalimbali za mmea, kwa kuwa maua ya kwanza na ya mwisho ya mmea mmoja hutofautiana.

Nafaka zinahitaji uangalifu wa ziada, kwa sababu ua lake halina sepali wala petali zinazoonekana kwa macho yaliyozoea waridi. Shika punje changa ya mpunga kabla haijajaa, uitazame kwa lenzi. Kumvi lake lina vipande viwili vilivyofumbatana: kilicho kikubwa, chenye mishipa mitano, ni lema, kilicho kidogo, chenye mishipa mitatu, ni palea. Kivute kipande cha lema taratibu hadi kikatike chini. Pale kilipokuwa kimekaa utaona vijiuvimbe viwili vyeupe vinavyopitisha mwanga, kila kimoja kikiwa kidogo kuliko kichwa cha pini. Hivyo ni lodikuli, na kazi yake ni kufyonza maji na kuvimba saa ya kuchanua, vikiisukuma lema ili ua lifunguke. Nyuma yake zinafuata stameni 6, na katikati pistili moja yenye stigma mbili zilizochanuka kama manyoya. Hesabu hii ya lodikuli 2, stameni 6 na pistili 1 iwe kichwani mwako kila unapofungua punje, kwa maana wengi huzipita lodikuli bila kuziona, na ndizo zinazobeba habari ya duara la pili.

Jua kanuni inayosomwa

Mwaka 1790 mwandishi wa Kijerumani Goethe alidai kwamba viungo vya ua ni majani yaliyogeuzwa. Karne mbili baadaye, mwaka 1991, Enrico Coen na Elliot Meyerowitz, mmoja akiwa amefanya kazi na Antirrhinum, ua la bustani, na mwingine na Arabidopsis, walitoa kanuni fupi iliyoeleza mgeuko huo kwa jeni. Kanuni hiyo inasema kuna makundi matatu ya jeni. Kundi A hufanya kazi katika duara la kwanza na la pili, kundi B katika la pili na la tatu, na kundi C katika la tatu na la nne. Palipo na A peke yake huota sepali. Palipo na A na B huota petali. Palipo na B na C huota stameni. Palipo na C peke yake huota kapeli. Kundi A na kundi C hufukuzana, na moja likiondoka jingine hutanua eneo lake. Kundi C lina kazi ya pili: hulifunga ua. Huizima jeni iitwayo WUSCHEL, ambayo huyalinda maisha ya seli zinazogawanyika kwenye ncha, ili ua lisiendelee kuota viungo bila mwisho.

Kutokana na hapo kila kasoro ina umbo lake. Kundi B likikosekana, maduara husomeka sepali, sepali, kapeli, kapeli. Kundi C likikosekana, husomeka sepali, petali, petali, na mahali pa kapeli ua jipya huanza tena kwa mpangilio uleule, hivyo ua huwa na matabaka mengi ya petali. Kundi A likikosekana katika Arabidopsis, husomeka kapeli, stameni, stameni, kapeli. Yote matatu yakikosekana, viungo vyote hubaki kama majani, na hapo Goethe hakuwa mbali.

Baadaye kundi la nne liliongezwa. Mwaka 2000 ilionekana kwamba jeni tatu za Arabidopsis, SEPALLATA1, SEPALLATA2 na SEPALLATA3, zikivunjwa kwa pamoja, viungo vya maduara yote hugeuka kuwa kama sepali, na ua halifungi. Kundi hili huitwa E. Kazi yake hueleweka ukijua kwamba jeni karibu zote hizi hutengeneza protini za ukoo mmoja, ukoo wa MADS, ambao jina lake limetokana na herufi za kwanza za protini nne: MCM1 ya hamira, AGAMOUS ya Arabidopsis, DEFICIENS ya Antirrhinum, na SRF ya binadamu. Protini hizi hazifanyi kazi moja moja. Hukusanyika nne nne, na mkusanyiko huo hushika DNA katika sehemu mbili zinazoanza kwa CC na kuishia kwa GG, zikiwa na herufi sita za A au T katikati, kisha huwasha au kuzima jeni nyingi zilizo chini yake. Kwa stameni mkusanyiko una protini mbili za B, moja ya C na moja ya E. Kwa kapeli una mbili za C na mbili za E. Ndiyo maana kukosekana kwa E huvuruga kila kitu: ni msumari unaoshikilia mbao zote.

Kundi A ndilo sehemu dhaifu ya kanuni. Nje ya Arabidopsis na jamaa zake wa karibu, ni vigumu kupata mmea uliopoteza A na kuonyesha kapeli mahali pa sepali, na moja ya jeni zake kuu, APETALA2, wala si ya ukoo wa MADS. Hudhibitiwa na mikro-RNA (kipande kifupi cha RNA, molekuli inayonakiliwa kutoka kwenye DNA) iitwayo miR172, ambayo huzuia protini yake isitengenezwe. Kwa hiyo, katika mazao, soma B, C na E kwa imani, lakini A isome kwa tahadhari. Mabadiliko ya jeni za aina ya APETALA2 katika nafaka huonekana zaidi kwenye umbo la suke, kwenye lodikuli na kwenye jinsia ya ua.

Soma mgeuko

Sasa chukua orodha yako ya maduara uilinganishe na kanuni. Tuseme punje yako ya mpunga ina lema na palea za kawaida, lakini mahali pa lodikuli pameota vipande vyembamba vinavyofanana na ukingo wa palea, na mahali pa stameni 6 pameota viungo vyenye stigma za manyoya, huku pistili ya katikati ikiwa salama. Aliyeanza na sura angeandika «palea nyingi na pistili nyingi», akadhani ua limezidisha viungo. Aliyeanza na mahali anaona kwamba hakuna kilichozidi: duara la pili limechukua sura ya kilicho nje yake, na duara la tatu limechukua sura ya kilicho ndani yake. Huo ni muhuri wa kundi B. Katika mpunga kasoro hii inajulikana kwa jina SUPERWOMAN1, na jeni yake ni OsMADS16, ndugu wa APETALA3, jeni ya kundi B ya Arabidopsis. Katika mahindi kasoro ya silky1, ambayo nayo imevunja ndugu wa APETALA3, hutoa picha ileile: stameni hugeuka kuwa viungo vyenye nywele za hindi, na lodikuli huwa kama palea. Mimea hii miwili ndiyo iliyowashawishi wengi kwamba lodikuli ni petali zilizopungua.

Katika nyanya, ua lililopoteza jeni ya APETALA3 yake huwa na maduara mawili ya sepali za kijani na koni iliyogeuka kuwa kapeli. Katika mtufaha, aina zisizo na petali zinazoitwa Rae Ime, Spencer Seedless na Wellington Bloomless zina sepali mahali pa petali na kapeli mahali pa stameni, na huzaa matunda yasiyo na mbegu bila kuchavushwa. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba zimepoteza jeni ya kundi B iitwayo MdPI.

Kundi C lina ugumu wake, kwa kuwa mazao mengi yana nakala mbili au zaidi ambazo zimegawana kazi. Katika mpunga, OsMADS3 ikivunjika, stameni huelekea kuwa lodikuli, ilhali OsMADS58 huonekana zaidi katika kulifunga ua; zikivunjika zote mbili, utambulisho wa viungo vya uzazi hupotea. Katika mahindi, ZAG1 ikivunjika ua la gunzi hushindwa kufungika na kuongeza kapeli, lakini viungo havibadiliki sana, kwa sababu ndugu yake ZMM2 bado yupo. Ukiona ua lisilofungika ambalo viungo vyake ni vya kawaida, usiliondoe kundi C katika orodha yako.

Lipo pia jambo la mpunga ambalo kanuni ya Arabidopsis haikulitabiri. Jeni ya DROOPING LEAF, ambayo si ya ukoo wa MADS, ndiyo inayoipa kapeli utambulisho wake. Ikivunjika, stameni huota mahali pa pistili, na wakati huohuo majani hulegea kwa kukosa mshipa imara wa katikati. Ishara hii ya pili ni zawadi: ukiona stameni za ziada katikati ya ua, inua macho utazame majani kabla ya kwenda maabara.

Tenga idadi na utambulisho

Viungo vingi kuliko kawaida, kila kimoja kikiwa na sura inayostahili mahali pake, si kazi ya makundi haya. Hiyo ni dalili ya ncha ya ua iliyokuwa kubwa kupita kiasi kabla viungo havijaanza kuota. Ukubwa wa ncha hutunzwa na mzunguko wa kurudishiana habari kati ya WUSCHEL, inayoongeza seli, na CLAVATA3, inayozibana. Nyanya ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Nyanya pori huwa na vyumba 2 ndani ya tunda. Nyanya kubwa za kilimo zina vyumba vingi, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo imetokana na mabadiliko mawili: locule number, yaliyo karibu na WUSCHEL, na fasciated, yanayopunguza kazi ya CLAVATA3. Katika mpunga, jeni za FON zina kazi inayofanana, na zikivunjika ua huwa na stameni au pistili za ziada. Kata tunda la nyanya kwa upana uhesabu vyumba. Ni kipimo rahisi cha ukubwa wa ncha ya ua ambalo tayari limekwisha kuanguka.

Mahindi nayo yanahitaji swali la tatu, la jinsia. Kila ua la mhindi huanza likiwa na stameni na kapeli zote mbili; baadaye kapeli hufa katika mbelewele na stameni husimama kukua katika gunzi. Ukikuta punje zinaota kwenye mbelewele, usikimbilie kundi B. Kagua kwanza kama kapeli hizo zimeota mahali pake halali pa katikati. Kama ndivyo, tatizo ni kwamba hazikufa, na watuhumiwa ni jeni za tasselseed. Mbili kati yake zikiwekwa pamoja hufundisha vizuri: ts4 imevunja miR172 yenyewe na ni fifi (hujionyesha pale tu mmea unapobeba nakala zake mbili), ilhali Ts6 imevunja sehemu ya jeni ya aina ya APETALA2 ambayo miR172 huishika, na ni tawala (nakala moja yatosha). Kasoro moja imetazamwa kutoka pande mbili.

Ondoa wanaojifanya jeni

Kabla ya kupanga majaribio ya urithi, hakikisha kwamba ua halikugeuzwa na kitu kingine. Fitoplazma, bakteria wasio na ukuta wa seli wanaosambazwa na wadudu wafyonza utomvu, huweza kuyageuza maua ya ufuta na mazao mengine kuwa mafungu ya majani ya kijani. Mgeuko huo hufanana mno na kukosekana kwa kundi E, na mfanano huo si wa bahati: protini ya fitoplazma iitwayo SAP54 huzinasa protini za MADS na, kwa kutumia protini ya mmea iitwayo RAD23, huzipeleka kwenye proteasomu, kinu ambacho seli hutumia kusaga protini zisizotakiwa. Jeni za mmea ni nzima, lakini kazi yake inaporwa. Ishara za kutilia shaka ni hizi: kasoro kuanzia tawi moja na kuenea, majani kuwa madogo na vichipukizi kufungamana, na mimea yenye kasoro kusambaa shambani bila kufuata ukoo wa mbegu. Kipimo cha PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane) kinacholenga RNA ya ribosomu ya bakteria hao hutoa jibu.

Baridi nayo huvuruga maua ya nyanya, na dawa za magugu zinazoiga homoni ya auksini huacha viungo vilivyojikunja. Katika hali hizi maua yanayotokea baadaye kwenye mmea uleule hurudi kuwa ya kawaida. Subiri wiki chache.

Fuatilia urithi

Mimea yenye kasoro ya kundi B au C mara nyingi haina chavua au haina ovuli, kwa hiyo haiwezi kujizalisha. Ukiuona mmea mmoja wa namna hiyo na kuacha ndugu zake wa kawaida waende sokoni, umepoteza kila kitu. Vuna mbegu za ndugu zote wanaoonekana wazima kutoka mstari uleule, kila mmea katika bahasha yake. Kama kasoro inatokana na aleli (toleo la jeni) fifi, yaani inayojionyesha pale tu mmea unapobeba nakala zake mbili, basi wawili kati ya kila ndugu watatu wanaoonekana wazima wanaibeba kwa siri. Panda watoto wa kila ndugu kando kando: familia ambazo robo ya mimea yake ina kasoro ndizo zitakazokuhifadhia jeni hiyo, na uwiano wa 3 kwa 1 ukitokea katika familia hizo umepata ushahidi wa kwanza kwamba ni jeni moja.

Kwa mmea usio na chavua lakini wenye kapeli nzima, uchavushe kwa chavua ya mmea wa kawaida kutoka aina iliyo mbali naye kijeni. Watoto wote watakuwa wazima, na wajukuu ndio watakaokupa ramani, kwa sababu tofauti nyingi za DNA kati ya wazazi hao wawili zitakuwezesha kuona kipande kipi cha kromosomu kinasafiri pamoja na kasoro. Ngano hukataa njia hii ya haraka. Ngano ya mkate ina jenomu tatu, yaani seti tatu kamili za jeni, ziitwazo A, B na D (herufi hizi si makundi yaliyotajwa juu), na jeni iliyovunjika katika moja hufunikwa na nakala mbili zilizobaki, hivyo kasoro nyingi hazionekani mpaka nakala zote tatu zivunjwe.

Ingia maabara kwa wakati sahihi

Jeni za B na C huanza kazi kabla viungo vyake havijaonekana. Katika Arabidopsis huwaka wakati vijiuvimbe vya sepali ndiyo kwanza vinachomoza. Anayechukua maua yaliyochanua ili apime RNA amechelewa. Chukua matumba madogo kabisa, yapange kwa ukubwa, na toa RNA kwa kila kundi peke yake. Kwa RT-PCR, njia ya kupima RNA kwa kuigeuza kuwa DNA na kuinakili, linganisha kiwango cha jeni unazozishuku kati ya mmea wenye kasoro na ndugu yake mzima. Kiwango kikiwa cha kawaida, usiseme kwamba jeni ni nzima, kwa kuwa RNA inaweza kuwepo huku protini yake haifanyi kazi. Kikipungua, usiseme kwamba umemkamata mhalifu, kwa kuwa jeni hizi huwashana, na aliyezima anaweza kuwa mwingine aliye juu yake. Njia ya kuona RNA papo hapo ndani ya kipande chembamba cha tumba, ingawa ni ya kuchosha, hukuonyesha jambo ambalo RT-PCR haiwezi: jeni imewaka katika duara lipi.

Unaposoma mfuatano wa DNA, usiishie kwenye sehemu zinazoandika protini. Katika matufaha yale yasiyo na petali, kilichoivunja MdPI ni vipande vya DNA vinavyohamahama vilivyojichomeka ndani ya introni, sehemu za jeni zisizoandika protini, na anayesoma eksoni tu, yaani zile zinazoiandika, angeikuta jeni ikiwa safi kabisa.

Mchikichi unatufundisha zaidi. Miche ya mchikichi iliyozalishwa kwa ukuzaji wa tishu ili kupata nakala za miti bora ilikuwa na tabia ya kutoa, baada ya miaka ya kusubiri, baadhi ya miti ambayo stameni zake ziligeuka kuwa kapeli, na matunda yakavikwa vishungi vya ziada vilivyolifunika tunda la katikati kama joho. Mazao ya mafuta yalishuka sana. Mgeuko ulielekeza kundi B, lakini mfuatano wa DNA wa miti yenye kasoro na miti mizima ulikuwa mmoja, na ndivyo ilivyotarajiwa, kwa kuwa zote zilikuwa nakala za mti mmoja. Mwaka 2015 jibu lilichapishwa. Ndani ya introni ya jeni ya kundi B ya mchikichi, iitwayo DEFICIENS, kuna kipande kinachohamahama kilichopewa jina Karma. Kwa kawaida kipande hicho kimefungwa kwa alama za methili, alama ndogo za kikemikali zinazobandikwa kwenye DNA. Wakati wa ukuzaji wa tishu alama hizo huweza kupotea, na hapo RNA ya DEFICIENS hukatwa mahali pasipostahili na protini hutoka ikiwa fupi. Kwa hiyo, mmea uliopitia ukuzaji wa tishu ukionyesha kasoro isiyo na mabadiliko yoyote ya herufi, pima methili kwa njia ya bisalfaiti (kemikali inayotofautisha herufi zenye methili na zisizo nayo) katika jeni ambayo maduara yamekuelekeza. Faida yake kwa mwenye miche ni kwamba kipimo kinaweza kufanywa kwenye jani dogo, miaka kabla mti haujatoa ua.

Thibitisha, kisha amua matumizi

Mabadiliko yanayosafiri pamoja na kasoro bado ni tuhuma. Uthibitisho huja kwa njia mbili: kuurudishia mmea wenye kasoro nakala nzima ya jeni na kuona maua yakirudi katika hali yake, au kuivunja jeni ileile katika mmea mzima kwa CRISPR, chombo cha kukata DNA mahali palipochaguliwa, na kuona kasoro ileile ikitokea. Njia rahisi zaidi, pale inapowezekana, ni kuuchanganya mmea wako na mmea mwingine ambao kasoro yake inajulikana. Watoto wote wakiwa na kasoro, jeni ni moja, na wakiwa wazima, jeni ni mbili. Kumbuka tu kwamba mojawapo lazima awe na chavua, au utumie ndugu wanaobeba kasoro kwa siri, na ukubali kwamba jeni ikiwa moja ni robo tu ya watoto watakaoonyesha kasoro.

Kuhusu matumizi, migeuko kamili ina soko dogo kuliko inavyodhaniwa. Mmea usio na stameni hufaa kama mama wa mbegu chotara, lakini kila msimu lazima uuzalishe kupitia ndugu wanaobeba jeni kwa siri na kung'oa wasiotakiwa, na gharama hiyo ndiyo imewakimbiza wengi. Aleli dhaifu ndizo zenye thamani. Katika shayiri, mabadiliko kwenye sehemu ambayo miR172 huishika katika jeni ya Cly1 huziacha lodikuli zikiwa ndogo mno kiasi kwamba haziwezi kulifungua ua, hivyo ua hujichavusha likiwa limefungwa. Katika mpunga, mwaka 2007 ilitangazwa aleli ya SUPERWOMAN1 inayozigusa lodikuli na kuziacha stameni zikiwa na rutuba. Punje hufungwa, chavua haitoki nje, na mavuno yanabaki. Kabla ya kuitegemea aleli ya namna hii kuzuia chavua isisambae, ioteshe katika misimu yenye halijoto tofauti, kwa sababu aleli hiyo ya kwanza ya mpunga huanza kufungua maua kukiwa na baridi, na kasoro hiyo ilibidi kutafutiwa aleli nyingine.